Anayekwenda Lisbon aanze na dhahabu ya Kilwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba mkasi wako uwe na huruma, maana jambo lenyewe lina mengi.

Makala yenu ya safari kuhusu Lisbon nimeisoma hadi nukta ya mwisho. Mwandishi ameusifu mji huo kwa haki: tramu za manjano zinazokwaruza kona za vilima, daraja jekundu juu ya Mto Tagus, mnara wa Belém, vikeki vya mayai na maziwa ambavyo watu hupanga foleni kuvila vikiwa bado moto. Vyote vipo na vinapendeza. Lakini makala ni ya Kiswahili, imeandikiwa watu wanaosoma Kiswahili, na sikuona humo hata mstari mmoja kuhusu chombo cha dhahabu kilichomo katika mji huohuo, kilichoandikwa jina la Kilwa tangu mwaka 1506. Msomaji wenu atafunga safari, atatumia pesa zake, ataona kila kilichotajwa, na hicho atakipita.

Mimi ni sonara. Kazi ya moto nimewaachia vijana kwa sababu ya macho, ila dhahabu nikiiona bado naisoma. Binti yangu anafanya kazi Lisbon, na alipopata likizo alinialika. Alikuwa ameshaandika orodha ya mahali pa kunipeleka, na ilifanana sana na ya mwandishi wenu. Nikamwambia, "Mama, hiyo weka pembeni kwanza. Tuanze na Kilwa." Akacheka, akadhani baba yake amechoshwa na ndege.

Chombo ninachokisema kimo katika Museu Nacional de Arte Antiga, yaani Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, kwenye barabara iitwayo Rua das Janelas Verdes. Watalii wengi hawafiki kwa sababu si katikati ya mji na si Belém, bali ni kati ya huku na kule. Ukipanda tramu namba 15 inayokwenda Belém, unashuka njiani, unavuka barabara kubwa ya kando ya mto, halafu unapanda ngazi za mawe za Rocha do Conde de Óbidos. Ni ngazi nyingi. Mwenye magoti kama yangu achukue basi linalopita juu. Ukishapanda, bandari yote iko chini yako, na makumbusho yako mbele yako.

Ndugu zetu Wakatoliki chombo cha namna hiyo hukiita monstransi. Ndicho kinachowekwa Ekaristi, yaani mkate uliobarikiwa, ili waumini waione. Wareno hiki wanakiita Custódia de Belém. Kimo ndani ya kioo, kinakaribia kimo cha mtoto mdogo anayeanza kutembea, chote dhahabu na enameli. Chini kabisa pana tako pana lililojaa ndege, maua na matunda. Juu yake shingo imezungukwa na tufe za pete, yaani tufe zilizo wazi zilizoundwa kwa pete zinazopishana, ile nembo ya Mfalme Manuel wa Kwanza ambayo utaikuta kila pembe ya mji. Juu ya shingo, mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Ekaristi, na juu ya vichwa vyao amening'inizwa njiwa mweupe. Kileleni ameketi Mungu Baba, chini ya vinara vyembamba kama vya kanisa la zama zile.

Watu huja, hutazama, husema "uzuri ulioje", huondoka. Mimi niliganda kwa wale mitume. Kila mmoja ana sura yake. Mavazi yao yana mikunjo, na mikunjo hiyo imepakwa rangi ya enameli. Asiyefanya kazi hii hawezi kujua ugumu uliopo hapo. Enameli ni unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya dhahabu. Juu ya bamba la bapa hata mwanafunzi hujaribu akafanikiwa. Juu ya umbo la mtu, lenye mgongo na viwiko, unga unateremka kabla haujashika. Halafu kila rangi ina moto wake: inayotaka moto mkali hutangulia, inayotaka moto mdogo hufuata, la sivyo ya pili inaiharibu ya kwanza. Moto ukizidi kidogo, dhahabu yenyewe inalegea na mtume anainama zaidi kuliko fundi alivyokusudia. Ukipoza haraka, kioo kinapasuka, kwa kuwa kioo na dhahabu havisinyai sawasawa vinapopoa. Fundi aliyefanya hivyo kwa watu 12 wenye ukubwa wa kidole, bila kipimajoto, kwa kuangalia tu rangi ya moto, huyo ni bwana wa mabwana, na nasema hivyo pamoja na yote nitakayoyasema baadaye.

Fundi huyo anatajwa kuwa ni Gil Vicente. Jina hilohilo ni la mtu anayeheshimiwa Ureno kama baba wa michezo ya kuigiza, na wataalamu hawajaacha kubishana kama ni mtu mmoja au wawili. Mimi naona inawezekana kabisa kuwa ni mmoja. Karakana ya sonara ina saa nyingi za kungoja moto, na mtu anayengoja hutunga.

Sasa njoo kwenye maandishi. Yanazunguka tako, herufi baada ya herufi, na lazima uzunguke nayo. Binti yangu, anayekijua Kireno, alitembea polepole akisoma kwa sauti ndogo. Yanasema kwamba mfalme mtukufu na bwana mwenye nguvu, Dom Manuel wa Kwanza, aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu na kodi za Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Kilwa imeandikwa kwa tahajia yao ya zamani, lakini mtoto wa darasa la nne angeitambua.

Hapo ndipo mtu wa kazi yangu anaposhtuka. Dhahabu ikishaingia kwenye kalibu haina tena kwao. Bangili ya bibi, sarafu ya mfalme, pete ya marehemu, zote zikiyeyuka zinakuwa kitu kimoja na hakuna mahakama itakayozitenganisha. Dhahabu ngapi zimetoka Afrika zikapotelea hivyo hakuna awezaye kuhesabu. Hii ya Kilwa haikupotea kwa sababu moja tu: aliyeipokea alijivunia hata akaandika ilikotoka.

Ilivyofika huko ni historia fupi na chungu. Mwaka 1500 meli za nahodha Mreno Pedro Álvares Cabral zilitia nanga Kilwa, mazungumzo hayakuzaa kitu, zikaondoka. Mwaka 1502 akaja Vasco da Gama na mizinga. Amiri Ibrahim aliyekuwa akitawala akapewa njia mbili, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno au mji upigwe. Akalipa. Dhahabu hiyo iliingia Lisbon mwaka 1503. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na kundi kubwa zaidi la meli, akauteka mji, ukaporwa, na ngome ikajengwa. Mwaka uliofuata Gil Vicente alimaliza kazi yake.

Na Kilwa haikuwa na mgodi. Dhahabu yake ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, na Kilwa ilikuwa imeishika biashara ya Sofala. Kwa hiyo unapokitazama chombo kile unatazama pia kazi ya wachimbaji wa bara ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Najua wapo watakaosema: tulipe kiingilio ili tutazame kilichotoka kwetu kwa mtutu wa mzinga? Binti yangu naye aliniuliza hivyo tulipokuwa tunakunywa kahawa katika bustani ya makumbusho. Nilimjibu kama sonara. Katika kazi yetu, mtu akikuletea dhahabu, ujira wako ni wa mikono, lakini dhahabu ina mwenyewe. Ikijulikana baadaye kwamba iliibwa, uzuri wa pete hauondoi haki ya mwenye mali. Unaleta tu mazungumzo marefu kuhusu ujira wa fundi. Mazungumzo hayo yafanywe na serikali na wataalamu. Lakini anayetaka kusema neno humo, aende akakione kwanza. Kwa picha ya simu huwezi kuona uzito.

Ukiwa humohumo ndani, usitoke bila kuona mapazia ya kukunja ya Kijapani, yale yanayoitwa ya Namban. Wachoraji wa Japani walichora meli za Wareno zikiwasili, na ukitazama vizuri utawaona watu weusi: wengine wamepanda milingoti, wengine wamewashikia mabwana miavuli. Miaka mia nne iliyopita Mwafrika yuko Japani, kapanda mlingoti. Sikupata kusoma hilo shuleni.

Baada ya hapo nenda Belém, ila sasa utaiona kwa jicho jingine.

Monasteri ya Jerónimos ndiko dhahabu ile ilikokusudiwa kukaa. Mfalme Manuel aliiachia monasteri hiyo kwa wosia. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, na fedha zake zilitoka katika tozo ya karibu asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga ikiwa mbele. Mwandishi wenu amesema ni "jengo la kuvutia". Ni zaidi ya kuvutia. Mawe yamechongwa kamba za meli, matumbawe, majani na tufe zilezile za pete, hadi unasahau kuwa ni mawe. Hata hivyo, kwa nini sonara wa mawe achonge kamba ya meli kanisani? Kwa sababu meli ndizo zilizolipa.

Ukiingia mlangoni mwa kanisa, kaburi la Vasco da Gama liko upande mmoja na la mshairi Luís de Camões liko upande wa pili. La da Gama limechongwa meli. Alifia India mwaka 1524, na mifupa yake ililetwa hapo katika karne ya 19. Nilisimama mbele ya sanamu yake ya mawe, imelala imekunja mikono kifuani kwa unyenyekevu, nikamwambia binti yangu kwamba Amiri Ibrahim hakumwona akiwa ameikunja hivyo. Mbele zaidi, karibu na madhabahu, majeneza ya mawe ya wafalme yamebebwa mgongoni na tembo. Tembo wa marumaru. Walichukua hata picha yake.

Mwaka 1834 serikali ya Ureno ilifuta mashirika ya watawa na kutwaa mali zao. Wakati huo vyombo vingi vya makanisa viliishia kuyeyushwa. Hiki kilinusurika, na ndiyo maana leo kiko makumbusho wala hakiko monasterini.

Mnara wa Belém ulijengwa kuanzia karibu mwaka 1514. Watu wanajipanga kuingia ndani, ambamo hamna makubwa, na nje hawapatazami. Nenda upande wa magharibi, tazama chini ya kibanda cha mlinzi kilichojitokeza ukutani: utaona kichwa cha kifaru cha jiwe, kimelika kwa upepo na maji ya chumvi hata pembe haionekani sawasawa. Kifaru huyo alikuwa hai. Sultani Muzaffar wa Gujarat alimtoa zawadi kwa Wareno, akapakiwa melini India, akazungushwa Afrika yote, akashuka Lisbon tarehe 20 Mei 1515. Ulaya ilikuwa haijaona kifaru tangu enzi za Warumi. Mfalme Manuel akampambanisha na tembo mbele ya watu, tembo akakimbia. Kisha akamtuma kwa Papa Leo wa Kumi. Meli ikazama pwani ya Italia, na mnyama aliyefungwa minyororo hakuweza kuogelea. Huko Ujerumani Albrecht Dürer, ambaye hakupata kumwona kwa macho, alimchora kwa kusimuliwa, akamvisha mabamba kama deraya, na kwa karne kadhaa Ulaya iliamini vifaru wote wako hivyo.

Mnara wa Wavumbuzi ulio jirani naupitia haraka. Ni wa mwaka 1960, ni nakala ya ule wa muda uliosimamishwa mwaka 1940 kwa maonyesho ya utawala wa dikteta Salazar, na una sanamu 33 zikiongozwa na mwanamfalme Henrique. Wamo mabaharia, mapadri, wachora ramani, hata malkia mmoja. Yule nahodha aliyepatikana Malindi mwaka 1498 akamvusha da Gama hadi India hayumo. Chini sakafuni kuna ramani kubwa ya dunia ya marumaru yenye tarehe walizofika kila mahali. Watoto hukimbia juu yake, na kwa kweli ndiyo sehemu yake nzuri.

Mtu atauliza, dhahabu ilishukia wapi? Ilishukia mjini, mbele ya kasri la mfalme lililokuwa ukingoni mwa mto, ambako ilikuwapo pia Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya ng'ambo. Usiitafute. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia mtoni wakakutana na maji ya bahari yakipanda, na waliobaki mjini wakakutana na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Kasri likaondoka, Casa da Índia ikaondoka, na makaratasi yake yakaondoka. Belém haikuumia sana, na hiyo ni bahati ya chombo chetu. Leo mahali pa kasri ni uwanja mkubwa, Praça do Comércio, uliowazi upande wa mto, wenye majengo ya manjano pande tatu na Mfalme José juu ya farasi wa shaba. Wenyeji wengi bado wanauita uwanja wa kasri.

Anayetaka kuona mji ulivyokuwa kabla ya siku hiyo aende Makumbusho ya Vigae, Museu Nacional do Azulejo, katika utawa wa zamani wa Madre de Deus. Kuna picha ya Lisbon iliyochorwa juu ya vigae vya buluu na vyeupe karibu mwaka 1700, urefu wake mita 23 hivi. Unatembea nayo nyumba kwa nyumba hadi unafika kwenye kasri. Hapo nilisimama nikamwonyesha binti yangu gati kwa kidole: pale.

Nyuma ya uwanja ule ndipo mtaa wa mstari mnyoofu uliojengwa upya na Marquês de Pombal, waziri wa Mfalme José, baada ya tetemeko, nyumba zikiwekewa fremu za mbao ndani ya kuta ili zistahimili mtikisiko. Mitaa iligawiwa kwa ufundi. Rua do Ouro ni ya masonara wa dhahabu, Rua da Prata ni ya wafua fedha. Siku hizi benki na maduka ya nguo zimewazidi, lakini bado utaona madirishani ile mioyo ya nyuzi za dhahabu, kazi ya Ureno ya kaskazini. Ni kazi safi. Uzi umesokotwa mwembamba, umejazwa ndani ya fremu na kulehemiwa bila kuonekana lehemu. Nawaonya wasomaji: nyingi wanazouziwa watalii ni fedha iliyochovywa dhahabu. Si vibaya, ili mradi ulipe bei ya fedha. Dhahabu yao ya asili ni ya karati 19.2, namba ambayo sonara wa kwingine huwa haizoei, na sheria inadai muhuri wa serikali. Omba lenzi, tafuta muhuri. Muuzaji mwaminifu hakasiriki, na wa kwanza niliyemwomba alinipa lenzi yake mwenyewe akanivutia kiti.

Kuna mahali pengine matatu ambapo mwandishi wenu hakupagusa, na nadhani ni kwa sababu hapapendezi kupiga picha.

La kwanza ni kanisa la São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio. Liliungua mwaka 1959 na walipolirudishia paa waliziacha nguzo kama moto ulivyoziacha, zimemeguka na kuparara. Hapo ndipo yalipoanzia mauaji ya Wayahudi mwezi Aprili 1506. Ndiyo, mwaka uleule ulioandikwa kwenye dhahabu. Nje kuna kumbukumbu ya mawe. Ndani ya kanisa hilo Waafrika wa Lisbon, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na chama chao cha kidini cha Bikira wa Rozari. Na hadi leo uwanja wa mbele yake ndipo Waafrika wa Guinea-Bissau na kwingineko wanapokutana, wamesimama makundi makundi wanaongea, wanawake wanauza kola kwenye ungo. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nje ya makumbusho.

La pili ni barabara ya Rua do Poço dos Negros, jirani na njia ya tramu 28. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliandika barua kwa wakuu wa mji. Maiti za watumwa zilikuwa zinatupwa ovyo, mbwa wanazila. Akaamuru lichimbwe shimo refu, maiti zitupwe humo na kumwagiwa chokaa. Barabara imechukua jina la shimo hilo. Leo ina mikahawa mizuri. Kifaru alishuka gatini mwaka huohuo, akapewa jumba. Hizo tarehe mbili nilimwomba binti yangu aziandike pamoja kwenye daftari lake.

La tatu ni juu kilimani, Largo do Carmo. Kanisa la Carmo halina paa tangu 1755. Matao yamebaki yamesimama na mbingu ikiwa ndani. Hilo wengi wanalipiga picha. Wasiloangalia ni kambi ya askari iliyo ubavuni mwake. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano alijifungia humo, maafisa vijana waliochoka na vita vya kikoloni vya Afrika wakaizingira, uwanja ukajaa watu, na jioni akasalimu amri. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni, Msumbiji ilikuwa huru. Lile daraja jekundu alilolisifu mwandishi wenu lilifunguliwa mwaka 1966 likiitwa Salazar, na sasa linaitwa 25 de Abril kwa sababu ya siku hiyo. Angeandika hilo tu, nusu ya barua hii isingekuwapo.

Mwenye nafasi aongeze na nyumba ya Casa dos Estudantes do Império, mtaa wa Avenida Duque de Ávila. Serikali iliianzisha mwaka 1944 ili iwalee wanafunzi wa makoloni wawe Wareno wema, ikaifunga mwaka 1965 baada ya kugundua kwamba kina Amílcar Cabral na Agostinho Neto, wapigania uhuru wa Guinea-Bissau na Angola, walipitia humo. Ni mlango tu wa kutazama, na kibao.

Kuhusu mambo ya kawaida: makumbusho mengi na monasteri hufungwa Jumatatu, na majengo ya zamani hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati, hivyo uliza kabla ya kukata tiketi ya ndege, usiulize ukiwa mlangoni. Viatu viwe vya soli inayoshika. Vijiwe vyao vyeupe vya njiani vikilowa huteleza vibaya, na wazee wao wenyewe hutembea wameshika ukuta. Tramu 28 ipande asubuhi mapema, na pochi iwe mbele, kwa sababu wezi wa mifukoni nao wanaijua ratiba. Kupanda hadi ngome ya São Jorge si lazima kama miguu haitaki. Mandhari ileile unaipata bure ukiwa Senhora do Monte.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkiirudia makala hiyo, wekeni picha ya lile tako la dhahabu kwa karibu, maandishi yasomeke, na chini yake tafsiri ya Kiswahili. Picha za binti yangu hazitawafaa. Kioo kimeakisi taa, na katikati ya jina la Kilwa linaonekana paji la uso wangu. Waombeni wenyewe makumbusho wawape picha yao. Na mkinyimwa, andikeni kwamba mmenyimwa.

Wako,
Sonara mstaafu